Usonji na kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wazima wanaotafuta ajira

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima mwenye usonji (kwa Kiingereza autism, hali inayogusa namna mtu anavyowasiliana na anavyopokea sauti, mwanga na mengineyo) anayetafuta kazi au aliyekwisha kuipata, pamoja na ndugu anayemsaidia. Taratibu za kisheria zilizoelezwa ni za Tanzania Bara, isipokuwa pale Kenya inapotajwa. Zanzibar ina sheria zake za ajira, hivyo aliyeko Unguja au Pemba aulize ofisi ya kazi ya huko kabla ya kutegemea tarehe na asilimia zilizomo humu.

Kwa nini mtu anayeijua kazi vizuri anakosa ajira mwaka baada ya mwaka?

Kwa sababu njia ya kuingilia kazini haipimi kazi. Inapima jinsi unavyoingia chumbani, unavyojibu maswali ya ghafla na unavyojisifu mbele ya watu usiowajua, na hayo ndiyo mambo yanayomlemea mtu mwenye usonji. Utafiti ulioongozwa na Noah Sasson wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha jambo hili waziwazi. Watu walioonyeshwa video fupi au kusikilizishwa sauti ya watu wazima wenye usonji waliwakadiria vibaya ndani ya sekunde chache. Waliposomeshwa maneno yaleyale kwa maandishi tu, tofauti ilitoweka. Kilichosemwa hakikuwa na kasoro. Watu walihukumu namna kilivyosemwa.

Hata Uingereza, nchi yenye huduma nyingi za kuwasaidia watu hawa, ripoti ya serikali ya mwaka 2024 iliyoandaliwa na mbunge Robert Buckland ilieleza kuwa takriban watu 3 tu kati ya 10 wenye usonji walio na umri wa kufanya kazi ndio walioajiriwa. Kwa hiyo ukikosa kazi mara nyingi, usianze kwa kudhani kuwa huna uwezo. Anza kwa kutafuta milango inayokuruhusu kuonyesha kazi yenyewe, na sehemu kubwa ya majibu yanayofuata inahusu milango hiyo.

Sina cheti cha daktari. Je, nihesabiwe kuwa nina usonji?

Watu wazima wengi wa kwetu hawana cheti, kwa kuwa walipokuwa watoto waliitwa wakaidi, wapole mno au wenye dharau, na hakuna aliyewapeleka popote. Mengi yaliyomo humu unaweza kuyatumia bila cheti. Huhitaji daktari ili umwombe msimamizi akuandikie maelekezo.

Karatasi inahitajika unapodai haki rasmi, kama nafasi zilizotengewa watu wenye ulemavu au msamaha wa kodi nchini Kenya. Usonji haupimwi kwa damu wala kwa picha ya ubongo. Daktari wa afya ya akili au mwanasaikolojia tiba wa hospitali ya rufaa hufanya mahojiano marefu na kuangalia historia yako. Nenda na vitu vitatu: mtu aliyekujua kabla hujaanza shule (mama, shangazi, bibi), ripoti za shule zenye maoni ya walimu, na orodha uliyoiandika mwenyewe ya matukio halisi. «Nasumbuliwa na watu» haimsaidii daktari. «Niliacha kazi ya dukani baada ya wiki tatu kwa sababu redio na wateja vikichanganyika nilishindwa kusikia bei» inamsaidia sana.

Kama una karatasi ya zamani iliyoandikwa Asperger, jina lililotumika zamani kwa aina moja ya usonji, bado ina maana. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, toleo la mwaka 2013, uliliweka jina hilo na mengine ya aina hiyo chini ya usonji.

Nitafute kazi ya aina gani?

Wengi watakuambia «kompyuta». Wapo wanaoipenda na wanaoiweza, lakini usonji haumpi mtu kipaji cha kompyuta, na kijana anayesukumwa kusomea programu wakati moyo wake uko kwenye miche ya miti anapotezewa miaka. Chagua kwa kuangalia mazingira kabla ya cheo.

Chukua karatasi, ichore safu tatu. Ya kwanza ni kelele, mwanga na harufu za mahali. Ya pili ni idadi ya watu usiowajua utakaozungumza nao kwa siku. Ya tatu ni mara ngapi ratiba hubadilika bila taarifa. Kila kazi unayoifikiria, ipe alama kutoka 0 hadi 5 katika kila safu, kisha linganisha na kiwango unachokiweza. Utashangaa. Ukarani wa benki unaosifiwa na familia nzima unaweza kupata 5 kwenye watu na 4 kwenye kelele, huku utunzaji wa stoo ya dawa ukipata 1 na 1. Ufundi cherehani wa nyumbani, uingizaji wa takwimu, ukaguzi wa hesabu, maabara, maktaba, masjala, kitalu cha miche, uokaji wa alfajiri kabla wateja hawajaja: zote hizi zina sura tofauti kwa watu tofauti.

Ongeza safu ya nne kwa safari. Mtu anayepanda daladala mbili zenye muziki mkubwa kwa saa moja na nusu anafika kazini akiwa ameshatumia nguvu za nusu siku. Kazi yenye mshahara mdogo kidogo iliyo karibu na nyumbani mara nyingi hudumu zaidi.

CV yangu ina mapengo na kazi fupifupi. Nifanyeje?

Usidanganye tarehe. Panga CV kwa ujuzi: juu kabisa weka mambo manne au matano unayoyaweza, kila moja na ushahidi wake, halafu kazi ulizofanya zifuate kwa ufupi. «Mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo» huandikwa na kila mtu na haisomwi. «Nimeingiza kumbukumbu za wagonjwa kwenye Excel, na kuzihakiki mara mbili kwa namba ya faili» inasomwa.

Pengo la mwaka mmoja au zaidi lijaze kwa ulichokifanya kweli: kozi ya VETA, kumsaidia mjomba kuhesabu mali ya duka, kutafsiri. Kurasa mbili zinatosha. Andaa pia mfano wa kazi unaoweza kushikika, kama jedwali ulilolitengeneza, nguo uliyoishona au picha za kitalu. Kwa mtu mwenye usonji, mfano huo una uzito kuliko barua ya maombi.

Maombi ya serikalini yanakwendaje?

Kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, unajisajili kwa namba ya NIDA, unajaza taarifa zako, unapakia vyeti vilivyothibitishwa na barua ya maombi iliyosainiwa. Soma masharti ya tangazo mstari kwa mstari. Kwa kawaida umri hauzidi miaka 45, wadhamini ni watatu wenye mawasiliano yanayofanya kazi, na hati za matokeo hazikubaliwi badala ya cheti. Matangazo hayo pia huwataka waombaji wenye ulemavu wauainishe ulemavu wao kwenye mfumo. Ukiacha sehemu hiyo wazi, siku ya usaili jopo halitakuwa na taarifa yoyote ya kukuandalia mazingira.

Kinachowaangusha wengi ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema hivi, NIDA inasema vile. Rekebisha kwa hati ya kiapo cha majina mapema, kabla tangazo halijatoka. Siku za kuomba ni chache, na kukimbizana na wakili wakati muda unaisha ni mateso kwa mtu anayehitaji utulivu.

Utaratibu huanza na usaili wa mchujo wa kuandika, kisha wa vitendo au wa mahojiano. Mchujo wa kuandika ni rafiki yako, kwa hiyo ujiandae nao kwa nguvu zote.

Kazi nyingi hupatikana kwa kujuana, na mimi sijui kujuana. Nitapitia wapi?

Kujuana si lazima kuwe maongezi ya barazani. Kinachohitajika ni mtu mmoja au wawili wanaojua unachoweza na wanaoaminika kwa mwajiri: mwalimu wa chuo aliyeona kazi zako, fundi aliyekufundisha, kiongozi wa msikiti au kanisa, binamu aliyeko kiwandani. Mwandikie ujumbe mfupi usio na mafumbo:

«Shikamoo Mwalimu. Natafuta kazi ya stoo au uingizaji wa takwimu hapa Morogoro. Nimeambatisha ukurasa mmoja unaoonyesha nilichofanya. Kama kuna mtu anayehitaji, naomba umpe namba yangu. Napatikana zaidi kwa ujumbe kuliko kwa simu.»

Kisha omba siku chache za kufanya kazi kwa majaribio, ziwe na mwisho unaojulikana na malipo mliyokubaliana. Hapo kazi inajitetea yenyewe. Tahadhari moja: majaribio yasiyo na tarehe ya mwisho hugeuka kibarua cha bure. Siku tano zinatosha kumwonyesha mtu mwenye nia njema.

Niseme kwamba nina usonji, au ninyamaze?

Hakuna jibu moja. Tunashauri utofautishe kutaja jina la hali na kutaja mahitaji. Katika sekta binafsi, ambako wengi wakisikia neno usonji humfikiria mtoto asiyeongea, kutaja mahitaji kabla ya jina hufanya kazi vizuri zaidi: «Nasikia maelekezo vizuri zaidi yakiwa yameandikwa.» Mwajiri anaelewa hilo bila somo.

Taja jina ikiwa nafasi imetengewa watu wenye ulemavu, ikiwa utahitaji marekebisho makubwa, au ikiwa tabia yako ya kujituliza (kupeperusha mikono, kuyumba, kurudia maneno) itaonekana na kutafsiriwa vibaya. Anayeficha kila kitu hulipa kwa uchovu, maana kujigeuza mtu mwingine saa tisa kwa siku ni kazi ya pili juu ya ile unayolipwa. Ukiamua kusema, mwambie msimamizi wako wa moja kwa moja na afisa rasilimali watu, na useme wazi kama wenzako waambiwe au la. Usipoliweka hilo wazi, ofisi nzima itajua kabla ya chakula cha mchana.

Usaili nijiandae nao vipi?

Anza kabla ya siku yenyewe. Ukipigiwa simu, omba taarifa kwa maandishi. Ujumbe huu unatosha:

«Habari za kazi. Nashukuru kwa kuniita kwenye usaili wa Jumanne saa 3:00 asubuhi. Naomba kujua: jopo litakuwa na watu wangapi, usaili utachukua muda gani, na kama kutakuwa na sehemu ya kuandika au ya vitendo. Kama inawezekana, naomba pia mada za maswali. Ninajibu vizuri zaidi nikijiandaa.»

Baadhi watakataa mada, lakini watakujibu idadi ya watu na muda, na hayo peke yake yanapunguza nusu ya hofu. Nenda siku moja kabla ukaone jengo, lango, choo na mahali pa kusubiri. Siku ya usaili fika dakika 20 kabla. Ukifika saa moja na nusu mapema utamaliza nguvu kwenye foleni ya watu wenye wasiwasi kama wewe.

Ukiingia, mbele ya jopo lenye umri mchanganyiko, «Habari za asubuhi» inatosha kwa wote. Ngoja uambiwe «karibu kiti». Kuhusu macho: katika malezi yetu kumkodolea mkubwa macho si adabu, kwa hiyo kuangalia chini kidogo hakukuharibii kwa wazee. Lakini majopo mengi yamefundishwa kuangalia kama unawatazama. Tazama paji la uso la anayeuliza, kisha rudi kwenye daftari lako. Daftari linakupa sababu ya heshima ya kuangalia pengine.

Maswali yanayowakwamisha watu wenye usonji ni yale yaliyo wazi mno. «Tueleze kuhusu wewe» haimaanishi maisha yako tangu kuzaliwa. Jibu kwa sentensi nne: jina na elimu, kazi ya mwisho, jambo moja unaloliweza sana na mfano wake, kwa nini umeomba nafasi hii. Halafu nyamaza. «Udhaifu wako ni upi?» wanataka kuona kama unajijua na unajirekebisha: «Nikikatishwa katikati ya hesabu huchukua muda kurudi, hivyo huweka alama nilipofikia na huwaomba wenzangu wanitumie ujumbe.» Hapo umesema ukweli na umeshaomba mazingira unayoyahitaji. «Unajiona wapi baada ya miaka mitano?» si mtego wa unabii. Sema aina ya kazi unayotaka kuwa umeibobea.

Swali lenye sehemu tatu liandike wakati linaulizwa. Ukipotea, sema «Naomba unirudie sehemu ya pili.» Ukihitaji kufikiri, sema «Naomba sekunde chache nifikiri», kwa sababu ukimya usio na maelezo ndio unaosomwa kama kutojua. Mwisho wakikuuliza kama una swali, uliza: «Naomba kuonyesha mfano wa kazi yangu, dakika mbili tu.» Hii ni nafasi yako kubwa kuliko zote, na wengi huondoka bila kuitumia.

Waliniambia «tutakupigia». Nisubiri hadi lini?

Siku 14. Ikipita wiki moja bila simu, tuma ujumbe mmoja wa kuulizia. Zikifika 14 bila jibu, ichukulie kuwa wamekataa, kisha endelea na maombi mengine. Katika ofisi nyingi za kwetu watu huona vigumu kutamka «hapana» mbele ya mtu, ndiyo maana husema «tutakupigia».

Kazi ninaifanya vizuri, lakini ofisini wanasema nina dharau. Kosa liko wapi?

Mara nyingi liko kwenye salamu, na tunalichukulia kwa uzito kwa sababu tunaona watu wakipoteza kazi kwa jambo hili kuliko kwa makosa ya kazi. Mtu mwenye usonji anaingia asubuhi akili yake iko kwenye kazi aliyoiacha jana, anapita moja kwa moja hadi dawatini. Yeye hajamdharau yeyote. Waliokaa pale wamesikia tusi.

Weka utaratibu mmoja usiobadilika. Simama mlangoni, kabla ya kuvaa hedfoni, sema kwa sauti inayosikika: «Habari za asubuhi jamani.» Salamu hiyo inawatosha wote wa rika lako. Waliokuzidi umri sana, mlinzi na mama wa usafi wakiwemo, kila mmoja apewe shikamoo yake. Ukishasalimia, huna deni la maongezi. Sauti ikigoma siku hiyo, inua mkono na kutikisa kichwa, na umweleze mapema mtu mmoja anayeaminika ofisini ili awatafsirie wengine.

Michango ya harusi na misiba ndiyo mtihani wa pili. Kundi la WhatsApp linaita majina, na anayenyamaza anahesabiwa. Jiwekee kiwango cha mwezi, mfuate mweka hazina faragha na umuulize: «Wengi wametoa shilingi ngapi?» Toa kiasi kinachokaribia hicho ndani ya uwezo wako, au toa kidogo lakini mapema. Kuhusu msiba, kama mkusanyiko na vilio vinakulemea, tuma rambirambi kupitia wenzako siku hiyo, halafu nenda nyumbani kwa mfiwa baada ya siku tatu au nne watu wakishapungua, ukae dakika 15 na kusema «Pole sana.» Mfiwa hatakuhesabia kosa. Wengi huthamini kuliko umati wa siku ya kwanza.

Chakula cha mchana si lazima ule na kundi kila siku. Chagua siku moja ya wiki ukae nao, siku nyingine pumzika.

Bosi haongei moja kwa moja. Nitajuaje anachotaka?

Kuna misemo ambayo maana yake ya ofisini imetofautiana na maneno yake. «Ukipata nafasi, naomba uiangalie hii» kwa kawaida ni leo, kabla hujaondoka. «Njoo mara moja» ni sasa hivi. «Tutaona» aghalabu ni hapana. «Hebu lifikirie tena» ni kwamba hakubaliani nawe. «Si mbaya» inaweza kuwa sifa au lawama, na hapa hata wasio na usonji hubahatisha.

Usijaribu kuikariri misemo yote. Kuwa na swali moja la kudumu: «Niikamilishe kabla ya saa ngapi?» Na baada ya kila maelekezo ya mdomo tuma ujumbe: «Nimeelewa kuwa nitafanya A na B, na nitakukabidhi Alhamisi saa 6:00 mchana. Kama kuna nilichokosea, nirekebishe.» Ujumbe huo pia ni ushahidi wako siku lawama zikija.

Niombe marekebisho gani, na je, mwajiri analazimika?

Tanzania na Kenya zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, unaohesabu kunyimwa marekebisho ya msingi kuwa ni ubaguzi. Sheria ya Tanzania ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Tafsiri yake ya ulemavu ni pana, inagusa kupungukiwa fursa ya kushiriki maisha ya kawaida kwa sababu za kimwili, kiakili au kijamii.

Hata hivyo, barua inayoanza na vifungu humfanya mwajiri ajihami. Andika ukurasa mmoja wenye maombi yasiyozidi matatu, kila moja na faida yake kwa kazi: «Naomba dawati la kona badala ya lile la mlangoni. Nikikaa mlangoni kila anayepita hunikatisha, na hesabu naianza upya.» Yanayosaidia zaidi huwa rahisi: vizibo vya masikio vya povu, taa ya tyubu inayopepesa ibadilishwe, dawati liwe mbali na jenereta, ajenda ya kikao itumwe siku moja kabla, mabadiliko ya zamu yatajwe mapema, lebo ya shingoni kwenye sare ikatwe. Mapumziko hata usiyaombe kama fadhila: sheria ya Bara inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya dakika 60. Kinachobaki ni kuyatumia mahali patulivu.

Kipindi cha majaribio kinanitisha. Nina haki gani?

Siku ya kwanza dai mkataba wenye maelezo ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi aina ya kazi, tarehe ya kuanza, mahali, saa na malipo. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Karatasi hiyo ni muhimu kwako kuliko kwa mwingine yeyote, kwa sababu «fanya chochote utakachoambiwa» ndiyo kazi mbaya kuliko zote kwa mtu mwenye usonji.

Mfanyakazi aliyekaa kazini chini ya miezi sita hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Lakini kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri amtathmini aliye kwenye majaribio, amweleze mapungufu yake, amsikilize na ampe muda wa kujirekebisha. Usisubiri. Kila mwisho wa mwezi muulize msimamizi kwa ujumbe: «Ni jambo gani moja nifanye tofauti mwezi ujao?» Ukitaja jambo moja, utapata jibu. Ukiuliza «naendeleaje?» utaambiwa «vizuri tu» hadi siku ya barua.

Nimeachishwa kazi. Nifanye nini leo?

Angalia tarehe. Mgogoro wa kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwa fomu namba 1 ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine, ukiwemo ubaguzi, ni ndani ya siku 60. Marufuku ya ubaguzi wa ulemavu inamlinda hata anayeomba kazi na aliye kwenye majaribio. Kusanya mkataba, hati za mshahara na zile jumbe ulizokuwa ukituma. Andika matukio kwa mpangilio wa tarehe katika ukurasa mmoja, na nenda na mwakilishi, kwa sababu usuluhishi hufanywa kwa mdomo na maswali huja kwa haraka. Wengi huchelewa wakiwa wamezidiwa na mshtuko, wamejifungia ndani wiki tano. Kama huwezi kutoka, mpe ndugu kazi ya kuhesabu siku.

Nchini Kenya kuna tofauti gani?

Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 54, inataka angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika umma ziendee watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Mlango wa huduma ni usajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD) baada ya kupimwa hospitali ya umma iliyoidhinishwa. Ukishasajiliwa na ukiwa na PIN ya KRA (namba ya mlipakodi ya Mamlaka ya Mapato ya Kenya), unaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato kupitia iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni, ambao kwa kawaida hufikia shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Msamaha hauji wenyewe. Una muda wake wa kuisha, kwa hiyo weka kengele kwenye simu ya kuuhuisha mapema.

Kijana wetu haongei sana na anahitaji msaada. Je, anaweza kuajiriwa?

Wengi wanaweza, kama kazi itavunjwavunjwa kwa hatua na mtu mmoja akakaa naye mwanzoni. Chukua kazi ya kufungasha karanga za gramu 250. Hatua zake: vaa glavu, chukua mfuko mmoja, fungua mdomo, weka kwenye mizani, mimina hadi namba isome 250, toa mfuko, ziba kwa mashine, bandika lebo, weka kwenye boksi. Hatua tisa, kila moja na picha yake ya halisi iliyopigwa palepale, zimebandikwa ukutani kwa mpangilio wa kazi.

Panapoharibika ni kwenye maelekezo yasiyo na mwisho. «Mimina mpaka itoshe» humfanya asimame au amwage. Kwa hiyo bandika karatasi yenye 250 kando ya kioo cha mizani alinganishe tarakimu kwa tarakimu. Kuziba nako kuna kosa lake: akiachia mapema mfuko unafunguka, akichelewa plastiki inayeyuka. Mwonyeshe taa ya mashine, aachie ikizima. Lebo ziwekewe alama ya kalamu kwenye mfuko ili ajue zinakaa wapi. Boksi liwe na nafasi 20, likijaa kazi imeisha na mapumziko yanaanza. Msaidizi hafanyi kazi badala yake. Husimama nyuma, huelekeza kwenye picha bila kusema, na kila siku chache husogea hatua moja mbali zaidi.

Ikiwa familia inataka kuanzisha shughuli yake, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu.

Nachoka kiasi cha kushindwa kuongea nikifika nyumbani. Niache kazi?

Kabla ya kuacha, punguza. Kata kwanza vitu visivyo kazi: safari, mikusanyiko, kelele. Kisha omba saa zibadilishwe au likizo, kwani sheria ya Bara inatoa siku 28 za likizo kwa mwaka. Ukianza kupoteza uwezo uliokuwa nao, kama kupika au kuoga bila kukumbushwa, muone daktari wiki hiyohiyo na uombe mapumziko ya ugonjwa.

Matapeli wa ajira nitawatambuaje?

Anayeomba pesa ya fomu, ya sare, ya «kuchangamsha faili» au ya uchunguzi wa afya kwa namba binafsi ya simu ni tapeli, hata akitaja jina la ofisi unayoijua. Watu wenye usonji hulengwa kwa sababu huamini neno kama lilivyosemwa. Sheria ya kujiwekea ni hii: hutumi pesa siku uliyoombwa, na hutumi kabla mtu wa pili wa nyumbani hajausoma ujumbe. Kwa kazi za Oman, Qatar au Saudia, nenda ofisi ya kazi ya mkoa ukiwa na jina la wakala. Nchini Kenya, angalia kama wakala yumo kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mkataba uusome katika lugha unayoielewa kabla pasipoti haijatoka mkononi mwako.